Hii Ndege Ilitupiga Bomu. Bado Nitaijenga.

Hii ya leo ni ndefu kidogo, kwa hivyo mimina chai kwanza.

Kwa keja yangu huku Umoja kuna bawa limeegemea ukuta nyuma ya mlango. Lingine liko juu ya kabati. Bodi yenyewe inalala kando ya kitanda, na ni ndefu kuniliko mimi. Mwezi jana keateka aliingia kuangalia mita ya stima, akaona kitu kirefu kimefunikwa shuka, akasimama kimya kabisa. Akauliza polepole, "Boss, hapa kuna usalama?" Alidhani ni jeneza. Nikatoa shuka. Akacheka mpaka akashika mlango, kisha akasema vijana wa siku hizi wana pesa ya kuchezea.

Pesa sina. Na hii si toi.

Ni ndege ya mfano ya kuendeshwa kwa rimoti, aina ya Harvard, kwa kipimo cha moja kwa tano. Harvard halisi ina futi 42 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, yaani karibu mita 12.8. Gawa kwa tano, unapata mita 2 na nusu na kitu kidogo juu. Injini ni ya petroli, silinda moja, cc 62. Karibu nusu ya boda boda, na imefungwa propela mbele badala ya tairi.

Huko Marekani na Uingereza kuna watu wazima kabisa, mainjinia, marubani waliostaafu, mafundi wa magari, ambao maisha yao ya wikendi ni hii kitu. Wana hata mpaka wa nani aingie. Chama kimoja cha Marekani, International Miniature Aircraft Association, kinasema ndege yenye jozi moja ya mabawa lazima ifike inchi 80, ile ya mabawa mawili juu na chini ifike inchi 60, ama basi iwe angalau robo ya ndege halisi. Ukiwa chini ya hapo, wewe bado ni mtoto. Na kinachopendwa sana ni ndege za kivita za zamani: Spitfire, Mustang, Corsair, Thunderbolt. Kuna shindano Florida linaitwa Top Gun, lilianza 1989, ambapo kabla hujarusha chochote majaji wanasimama mbele ya ndege yako na picha za ile ya ukweli mkononi. Wanaangalia rangi, alama, mistari ya mabati, mpaka kutu. Ukikosea, wanakukata alama.

Kumbuka hiyo sehemu ya majaji na picha. Tutairudia.

Mimi nimeipataje? Nyinyi mnajua content yangu ni kufufua vitu: redio za mbao, feni, cherehani. Mzee mmoja wa Lang'ata, injinia mstaafu, alikuwa anahama nyumba. Akaniita nikachukue redio mbili. Nikiwa kwa gereji yake niliinua macho, nikaona mkia wa ndege umening'inia kwa paa, umejaa mavi ya njiwa. Aliijenga miaka ya tisini, akairusha mara chache, macho yakaanza kumsumbua, akaitundika. Aliniona nikiangalia. Akasema, "Kijana, ukiweza kuifufua, ni yako. Ukishindwa, usiiuze vipande vipande. Ichome." Nikasema asante mzee. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria vile nitabeba mabawa kwa matatu.

Wacha niwaambie kitu kuhusu kufufua ndege ya mfano iliyolala zaidi ya miaka 20. Kinachoharibika si kile unachoona.

Rangi imepasuka, sawa, hiyo ni msasa na wiki mbili za vumbi. Lakini ndani kuna mbao ya balsa, ule mti mwepesi ambao mwingi unatoka Ecuador, umeunganishwa kwa gundi. Gundi ya zamani inakauka inakuwa kama biskuti. Unashika ubavu wa bawa, unausukuma kidogo kwa kidole, unasikia "tik". Hiyo "tik" ndiyo ingekuangushia ndege. Nyuma ya injini mbao ilikuwa imekunywa petroli na oili mpaka ikalainika, na gundi mpya haishiki kwa mbao yenye mafuta. Nilikata sehemu yote, nikaweka plaiwudi mpya.

Halafu kuna kitu mafundi wa ndege hizi wanaogopa kuliko kuanguka: waya mweusi. Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zikiachwa miaka, ule waya wa negative unaoza ndani ya plastiki yake. Ukiutazama nje uko sawa kabisa. Ukichuna, shaba imekuwa nyeusi kama makaa. Ukiitumia hivyo ndege inapaa vizuri, inafika juu, halafu rimoti inakatika na kilo zaidi ya 10 zinashuka zikitafuta kichwa cha mtu. Kwa hivyo nyaya zote nilitoa. Servo zote nilitoa. Rimoti ya zamani iliyotumia kristali nilimwekea mzee kama kumbukumbu, na mpya inatumia masafa ya gigahazi 2.4. Betri ni mbili na swichi mbili, ili moja ikifa ndugu yake ibebe.

Hapa ndipo Nairobi iliniokoa. Kabureta ya hii injini ni ukoo mmoja na ile ya pawa so na mashine za kukata nyasi. Ndani kuna ngozi nyembamba ya mpira inayovuta petroli, na ikizeeka inakuwa ngumu kama karatasi ya khaki. Nilienda kwa fundi wa pawa so Grogan, mtu ambaye hajawahi kuona ndege ya mfano maishani. Aliiangalia sekunde tano. Akasema, "Hii ni dayaframu." Akafungua droo, akatoa mpya, akafunga. Nikamwambia inaenda kwa ndege. Akasema hata iende mwezini, shida ni dayaframu.

Uzito nao ulikuwa na kichekesho chake. Harvard ina pua fupi, na kwa mfano mkia unaelemea, kwa hivyo lazima uweke madini ya risasi mbele mpaka ndege ikae sawa ukiishika kwa vidole viwili chini ya mabawa. Niliokota vile vipande vya kubalansi tairi kwa jamaa wa pancha, nikaviyeyusha. Ndege ya kivita, nikajiambia, na risasi ya kwanza naipakia mimi, kwa pua, ya kusawazisha.

Nilikuwa nacheka. Sikujua.

Desemba nilibeba bodi na injini kwenda ushago, Nyeri, upande wa Nyandarua. Sababu ilikuwa ya kawaida tu: huwezi kuwasha kitu kama hicho Umoja, majirani watakuchoma. Kwa cucu kuna shamba, kuna nafasi. Nilifunga mkia kwa mti na kamba mbili, nikaweka kamera kwa stendi, nikavaa miwani, nikapiga propela. Mara ya nne ikashika. Nikaipandisha polepole mpaka mwisho. Propela ikikimbia hivyo haingurumi, inalia, kama mtu anararua shuka refu lisiloisha. Nilikuwa na furaha ile ya kijinga. Nikageuka nione kama cucu anaona.

Cucu alikuwa amelala chini. Kando ya banda la ng'ombe, kwa tope, mikono kwa kichwa. Mama wa miaka 81.

Nilizima. Nilikimbia. Nilidhani ni moyo, nilidhani ni stroku, nilidhani vitu vingi. Nikamshika mkono nikimwita, "Cucu, cucu, ni nini?" Akakaa polepole, akatoa tope kwa leso, akanitazama kama vile ananitafuta. Akauliza kwa Kikuyu, "Hiyo umeitoa wapi?"

Ile video niliifuta jioni hiyo hiyo. Msiniulize.

Usiku, kwa moto, ndio alinieleza. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Wakati wa Hali ya Hatari ndege zilikuwa zinatoka upande wa Mweiga zikielekea msituni, na mama yake alikuwa amewafundisha: ukisikia ile sauti, lala, usiangalie juu. Kaka yake mkubwa alikuwa ameingia msitu. Hakurudi. Hakuna kaburi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kama ni bomu, ni bunduki, ama ni baridi. Nikamuuliza kama ndege zilikuwa na rangi gani. Swali la kijinga la mtu wa kupaka rangi. Akasema, "Hatukuzijua kwa rangi. Tulizijua kwa sauti."

Nikarudi Nairobi nikafanya kile ambacho ningefanya kabla ya kununua hata msasa mmoja. Nilisoma.

Harvard haikuundwa kupiga mtu. Iliundwa Marekani na kampuni ya North American Aviation miaka ya thelathini kama ndege ya kufundishia. Wamarekani waliiita Texan, Waingereza wakaiita Harvard. Zaidi ya 15,000 zilitengenezwa. Marubani wengi waliorusha Mustang na Spitfire Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia kwa hii. Afrika Kusini waliendelea kufundishia nayo hadi 1995. Ni mwalimu. Ndio maana wajenzi wanaipenda, na ndio maana nyingi utakazoona zimepakwa ile njano ya kung'aa ya shule za marubani.

Lakini mwalimu alikuwa na kazi ya pili, na hiyo kazi aliifanyia sana Afrika. Wafaransa walitumia hii familia ya ndege Algeria. Wareno waliitumia Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau. Na Waingereza waliitumia hapa. Mwaka 1953 jeshi la anga la Uingereza lilianzisha kikosi kidogo cha Harvard Kenya, kikaitwa 1340 Flight, kituo chake kikawa Mweiga. Chini ya mabawa walifunga mabomu madogo ya ratili 20, kama kilo 9 hivi kila moja, na wakaweka bunduki ya mashine. Msitu wa Nyandarua ulikuwa umetangazwa marufuku: ukipatikana ndani, unaweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Baadaye zikaletwa Lincoln, ndege kubwa za mabomu zenye injini nne, mabawa futi 120, zikibeba mabomu ya ratili 500 na 1,000. Hizo zilikuwa zinaruka kutoka Eastleigh. Ndio, Eastleigh hiyo hiyo unayoendea viatu. Ile kambi ya jeshi la anga unayopita ukienda huko ilikuwa ya RAF. Kufikia mwisho wa 1955 kazi ya mabomu ilikuwa imeisha. Wanyama wengi walikufa ama wakabaki na majeraha, ndovu na nyati. Watu, wengine ndio akina kaka ya cucu wangu.

Na hapa kuna kitu kilinitoa jasho. Injini ya Harvard halisi inaitwa R-1340, kwa sababu ya ukubwa wake wa inchi mchemraba 1,340. Kikosi nacho kilikuwa 1340. Ni sadfa tu. Lakini nilikuwa nimeandika hiyo namba kwa mkono wangu, kwa kalamu nyeupe, juu ya silinda za bandia mbele ya ndege yangu, wiki moja kabla ya kwenda Nyeri. Nilidhani naandika jina la injini.

Hata ile sauti ina maelezo. Propela ya Harvard ina kipenyo cha karibu futi 9, na imefungwa moja kwa moja kwa injini bila gia za kuipunguza kasi. Ikiwa mbio, ncha zake zinafika kasi ya sauti yenyewe. Huo mlio wa kurarua unatoka kwa ncha, si kwa injini. Wajenzi duniani kote wanaupenda huo mlio. Wengine wanaweka spika ndani ya ndege za umeme ili wausikie. Nami nawaelewa, kwa sababu ni sauti tamu. Ni sauti tamu na cucu wangu alilala kwa tope. Vyote viwili ni kweli siku moja, shamba moja.

Sasa tufike kwa maoni, maana hii ni post ya maoni na sijatoa hata moja.

Niliwaambia wasee wangu wa karibu nataka kuimaliza kama Harvard ya Mweiga. Si njano ya Marekani. Ya 1340 Flight, na mabomu madogo chini ya mabawa. Nikapata majibu matatu.

Jibu la kwanza: unasifu mkoloni. Ati nimechukua chombo kilichoua watu wetu, nakipiga msasa, nakipaka rangi, nakipenda. Hili jibu linauma kwa sababu lina ukweli ndani. Huwezi kukaa miezi minane na kitu, unapima kila ubavu, bila kukipenda. Lakini niambie, nikiipaka njano, imekuwa isiyo na hatia? Hiyo ni kuivalisha yunifomu ya shule na kuendelea na maisha. Njano ndiyo inayoficha. Ujerumani wajenzi wamepitia swali hili muda mrefu. Sheria yao inabana alama ya Wanazi hadharani, na wengi huko wakijenga ndege za vita hiyo mkia wanauacha bila ile alama. Siwalaumu, yao ni nchi tofauti na jeraha tofauti. Walioumizwa na Harvard huku ni sisi. Aliyepigwa akichora picha ya rungu hajasifu rungu.

Jibu la pili: bro, ni toi, wacha siasa. Hili ndilo linaniudhi zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoheshimu hii kazi. Njoo nikuonyeshe hiyo toi. Kila mstari wa riveti kwa bodi ni tone la gundi nyeupe nimeweka kwa sindano ya duka la dawa, moja moja, nikifuata mchoro, kwa sababu ndege halisi ilikuwa na riveti hapo. Usukani wa mkia nimeufunika kitambaa badala ya ngozi ngumu, kwa sababu Harvard halisi ilikuwa ya bati lakini usukani wake ulikuwa wa kitambaa. Sheria ya kwanza ya kujenga kwa kipimo ni kwamba hujengi "Harvard" hivi hivi. Unachagua ndege moja iliyowahi kuwepo, yenye namba yake, kikosi chake, mwaka wake, unatafuta picha, na majaji wanakushikilia hapo. Sasa ukiniambia niwe mkweli mpaka kwa riveti ya mwisho, halafu nikifika kwa swali la "hii ndege ilifanya nini" niwache siasa, hiyo si hobby. Hiyo ni kusahau kwa kutumia msasa namba 400. Hii kazi tayari inaabudu ukweli. Mimi naiomba tu isisimame kwa rangi.

Jibu la tatu ndilo la busara: jenga ya kwetu. Jeshi la anga la Kenya lilipoanzishwa Juni 1964, kati ya ndege zake za kwanza kulikuwa na Chipmunk, ndege ndogo nzuri ya kufundishia. Jamaa akasema, jenga Chipmunk na bendera yetu, kila mtu afurahi. Manze, nitaijenga. Ni wazo tamu na naliweka kwa foleni. Lakini huwezi kuanza hadithi 1964. Ukianza hapo, hiyo bendera inaonekana kama ilikuja kwa posta.

Kuna jibu la nne ambalo hakuna aliyenipa ila nilijipa mwenyewe saa nane usiku: na cucu je? Mimi nina haki gani ya kufanya jeraha lake liwe content? Hili sikulijibu kwa keja. Nilirudi Nyeri kumuuliza.

Sikubeba ndege. Nilibeba kamba ya kupimia na picha tatu za Harvard kwa simu. Nikamwambia nataka kuimaliza jinsi ilivyokuwa, na sitaki kuifanya bila yeye kujua. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliangalia picha kwa muda, akaikuza kwa vidole kama vile nilimfundisha. Halafu akauliza, "Ile yenyewe ilikuwa kubwa namna gani?"

Nikachukua kijiti nikakisimika kwa shamba la viazi. Nikapima mita 12.8, nikasimika kingine. Nikapima pua hadi mkia, karibu mita 9, nikasimika viwili vingine. Nikachora kwa jembe mahali rubani alikaa. Cucu akatembea kutoka kijiti hadi kijiti, polepole, na fimbo yake. Akafika mwisho, akageuka, akaangalia alikotoka.

"Ni hii tu?" akasema. "Miaka yote nilidhani inafunika kijiji."

Akasimama hapo kwa bawa muda mrefu. Kisha akaenda akasimama pale kwa rubani. Akaniuliza alikuwa anaona nini akiwa hapo juu. Nikamwambia alikuwa na kioo mbele na pande zote, na akiinama upande aliona chini vizuri. Akasema, "Kwa hivyo alikuwa anatuona." Sikuwa na jibu la hiyo.

Hiyo ndio sababu yangu, wasee, kama mlikuwa mnaitafuta. Nilikuwa nafikiri kipimo ni hesabu tu ya kupunguza kitu kikubwa kiingie kwa keja. Siku hiyo niliona kikifanya kazi kwa mtu. Kitu kilichokuwa kimefunika anga lote la mtoto kilipata urefu, kikapata upana, kikapata kiti na mtu ndani yake aliyekuwa na macho. Hofu isiyo na kipimo huwezi kuihoji. Ile yenye futi 42 unaweza kuuliza ilitoka wapi, nani aliituma, na nani alikuwa amekaa ndani.

Kwa hivyo nitaimaliza. Itakuwa Harvard ya Mweiga. Nitachagua ndege moja yenye namba yake na picha yake, kama sheria inavyotaka, na mabomu yake madogo yatakuwa pale chini ya mabawa, ya mbao, yamepakwa rangi vizuri. Mahali popote itakaposimama kutakuwa na kibao chenye maneno machache kwa Kiswahili: hii ni nini, ilikuwa wapi, ilifanya nini, kuanzia mwaka gani hadi gani. Mtu akitaka kupiga selfi nayo, atapiga akiwa amesoma.

Kuirusha nitairusha, lakini kwa masharti. Kwanza ya serikali: kuna kanuni za 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani na kuna KCAA, na kabla hujanunua hata propela nenda uulize unaruhusiwa nini na wapi. Uwanja wa esteti si mahali. Kitu cha kilo zaidi ya 10 chenye kisu kinachozunguka mbele hakirushwi juu ya watoto wanaocheza kati. Sharti la pili ni la cucu, na ni fupi: si Nyeri. Huko italetwa injini ikiwa imetolewa, kimya, na ataishika akitaka. Nimekubali bila kubishana.

Na nyinyi wajenzi wachache mlioko hapa Kenya, najua mpo, mnajificha kwa gereji za wazee: angalieni kile mnachojenga. Sisemi muache Spitfire. Nasema muulize ilikuwa na kazi gani ya pili. Kama jibu liko ndani ya kumbukumbu ya mtu bado anaishi, nendeni mkamuulize kabla ya kupaka rangi. Hao watu wana miaka 80 na zaidi sasa. Hatuna muda mrefu hivyo.

Wengine wote, ambao hamtawahi kushika balsa maishani, kazi yenu ni rahisi. Pigia shosho ama guka simu leo. Usianze na maswali ya historia, atakwambia hajui kitu. Muulize alikuwa anasikia sauti gani akiwa mdogo, na mama yake alimwambia afanye nini akiisikia.

Mimi narudi kwa msasa. Bawa la kulia bado lina riveti mia mbili na kitu, na keateka amesema ikifika mwisho wa mwezi anataka kuona mlango ukifunguka wote.